Senti ya Shaba ya Mwaka 1943

Mwaka 1943 Marekani iliihitaji shaba yake vitani, kwa hiyo senti za mwaka huo zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Lakini vipande vichache vya shaba vilivyosalia kwenye mitambo viligongwa pamoja na vya chuma, vikatoka na tarehe ya 1943. Mvulana mmoja wa Massachusetts aliipata ya kwake mwaka 1947 katika chenji ya shule. Alipouliza serikalini, akajibiwa kwamba senti zote za mwaka huo ni za chuma. Akaitunza maisha yake yote. Mwaka 2019 ikauzwa dola 204,000.

Bei hiyo haikosi kuamsha wajanja. Wengine huipaka shaba senti ya chuma, na hapo sumaku ya mlango wa friji inatosha kuwaumbua. Wajanja zaidi huchukua senti ya 1948 na kuikwangua namba 8 upande wa kushoto ibaki 3. Hao sumaku haiwapati, wala mizani, maana gramu 3.11 zinatimia. Kinachowaumbua ni mkia: 3 halisi ya 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini kuliko tarakimu nyingine, na kwenye 8 hakuna pa kuutoa.

Hata hivyo, sarafu nyingi zinazosifiwa kuwa na kasoro za kiwandani hazikughushiwa na mtu. Zimekanyagwa na magari, au zimezungushwa kwenye mashine ya kukaushia nguo mpaka kingo zikavimba. Swali la kuuliza ni moja: mtambo ungefanyaje hivi?

Chukua sarafu iliyomegeka ukingoni. Kiwandani vipande hukatwa kwenye bamba refu. Kikatio kikigusa tundu la awali, kipande hutoka na pengo la umbo la mwezi mchanga. Kisha hubanwa pembeni ili ukingo uinuke. Penye pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo mara nyingi ukingo wa mkabala nalo nao hutoka dhaifu. Herufi zilizo jirani na pengo huvutika na kufifia, kwa kuwa pengo lilikuwepo kabla sarafu haijagongwa. Iliyokatwa kwa msumeno nyumbani huwa na herufi zilizokatika ghafla, na ukingo wa mkabala umesimama imara kabisa.

Muuzaji akikutumia picha ya penye pengo tu, mdai na ya ukingo wa mkabala nalo.