Dirisha Lisiloingiza Mvua: Maelezo kwa Wanaojenga Nyumba Mpya

Mwambao wa Ziwa Viktoria katika Bukoba na Muleba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana hapa nchini. Mji wa Bukoba hupokea takriban milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma haifikii 600. Tena mvua yetu haishuki wima. Mara nyingi huja usiku wa manane au alfajiri ikisukumwa na upepo wa ziwani, hupiga ukuta ubavuni, na pale ukuta ulipoachwa wazi ili kuweka dirisha ndipo inapopata njia ya kuingilia. Mkazi anayejenga Kemondo, Maruku au Kamachumu hana budi kulifikiria dirisha kwa namna tofauti na anayejenga Dodoma, hata kama fremu wameinunua duka moja.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Msonge wa Kihaya ulishusha nyasi zake hadi ardhini, wala haukuwa na dirisha; mvua haikupata ukuta wa kuulowesha. Tulipohamia katika nyumba za pembe nne zenye mabati tulipata mwanga na hewa, lakini tuliuacha ukuta bila mwavuli. Upenu wa nyumba nyingi mpya ni mfupi mno kwa sababu bati ni ghali. Anayeweza kuufikisha sentimita 60 au zaidi, hasa upande unaotazama ziwa, atakuwa ameyakinga madirisha yake kabla ya kutumia kinga nyingine yoyote. Ule mtindo wa kulificha paa nyuma ya ukuta, unaopendwa sana siku hizi, huondoa upenu kabisa. Hatumkatazi mtu kuuchagua, ila ajue kwamba kila tone la vuli na masika litafika dirishani.

Watu wengi wakiona maji chini ya dirisha hulaumu kioo. Kioo hakina kosa. Maji hupita kando ya fremu, na zaidi ya hapo hupita chini, penye kizingiti cha dirisha. Hapo ndipo ujenzi wetu mwingi unapoharibikia. Fundi hupiga lipu ya kizingiti ikawa bapa kama meza, au mbaya zaidi ikainamia ndani, kisha akaikatisha sambamba na uso wa ukuta. Maji yaliyotua juu yake husimama, huingia chini ya fremu, na yanayobaki huteremka yakiulamba ukuta.

Kizingiti sahihi huinamia nje: kwa kila sentimita 10 za upana wake kishuke angalau sentimita moja. Kitokeze mbele ya lipu ya ukuta kwa sentimita nne au tano. Chini ya sehemu hiyo iliyotokeza, fundi achore mfereji mwembamba unaotosha kuingiza ncha ya kidole, kutoka mwanzo wa kizingiti hadi mwisho wake. Maji yanayojaribu kurudi ukutani kwa kutambaa chini ya kizingiti hufika kwenye mfereji huo, hushindwa kuuvuka, na hudondoka chini. Mfereji wa namna hiyo uchorwe pia juu ya dirisha, upande wa chini wa lenta, karibu na ukingo wa nje.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya namna tunavyojenga. Nyumba nyingi vijijini ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kisha zikapigwa lipu ya saruji kwa nje. Kwa macho ni nyumba ya saruji. Lakini maji yakipenya penye kizingiti hukuta udongo, huulainisha, nao huanza kutoka kidogo kidogo. Lipu inaendelea kusimama huku nyuma yake pakiwa patupu, hadi siku inapobanduka kipande kizima. Ukiona doa la unyevu chini ya dirisha katika nyumba ya aina hiyo, usikimbilie rangi. Wakati huohuo ndani ya chumba ukungu hustawi, nao huwasumbua wenye pumu na watoto wadogo. Na gunia la kahawa au maharage lililoegemezwa ukuta huo huvuta unyevu na kuoza.

Kuhusu fremu yenyewe, utaratibu wa kazi ndio wenye kuamua. Fremu ya alumini isizikwe katika lipu mbichi. Saruji mbichi huila alumini, na ikikauka haiishiki vema: jua la mchana huitanua fremu, baridi ya usiku huinywea, na ufa mwembamba kama unywele hutokea pande zote. Kwanza nafasi ya dirisha ipigwe lipu, inyooshwe kwa timazi na pima maji, iachwe ikauke. Ndipo vipimo vya fremu vichukuliwe, kikiachwa kijinafasi cha milimita tano hadi kumi kila upande, kitakachozibwa kwa silikoni kwa nje. Silikoni haishiki penye vumbi wala unyevu. Ukuta ufutwe na ukauke kwanza. Fundi anayeipaka huku mvua inanyesha anapoteza silikoni yako.

Dirisha la alumini la kusukuma huwa na vitundu vidogo upande wa nje, chini ya reli. Kazi yake ni kuyatoa maji yaliyoingia katika reli. Wapo mafundi wanaoviziba wakidhani ni kasoro ya kiwandani, na baadaye reli hujaa na kumwagikia ndani. Kwa fremu za mbao, za paini au mkaratusi, rangi ipakwe pande zote nne kabla ya kuchomekwa, ukiwamo ule utakaogusana na ukuta, kwa maana hautafikiwa tena. Nazo nondo za grili zisichimbiwe katika kizingiti: hushika kutu, huvimba, hupasua lipu. Zifungwe ubavuni.

Lipo pia suala la nyufa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilituonyesha udhaifu wa pembe za madirisha: nyufa za mshazari huanzia hapo, na kila ufa ni njia ya maji. Lenta ya zege yenye nondo inayoizunguka nyumba nzima hupunguza hatari hiyo. Asiyemudu kuizungusha ahakikishe kwamba juu ya kila dirisha lenta imeingia ukutani sentimita 20 kila upande. Mambo haya, pamoja na urefu wa upenu, yaonekane kwenye mchoro unaowasilishwa kuombea kibali cha ujenzi, kwani ni rahisi kurekebisha karatasi kuliko ukuta.

Katika mapatano na fundi, sehemu ya malipo ibaki hadi madirisha yapimwe kwa maji, na upimaji ufanyike kabla ya rangi ya ndani kupakwa. Mtu mmoja asimame nje na mpira wa maji au ndoo na kopo, mwingine akae ndani akiangalia. Maji yaanze kumwagwa kwenye kizingiti kwa dakika kumi, kisha ubavuni, na mwisho juu chini ya lenta. Ukianzia juu, maji yatateremka pote na hutajua yameingilia wapi.