Fulana Yapendwa, Jasho Halionekani

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mwenye kutaka kukisikia kikohozi hicho kikitoka katika vifua laki moja kwa pamoja, na aende Marekani siku ya Jumamosi, kati ya Septemba na Novemba. Huko vyuo vikuu hushindana kwa mpira wa namna yao, uliochongoka kama yai na kuchukuliwa mikononi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan pekee huchukua watu 107,601. Nao hawaendi kutazama timu ya taifa, ndugu msomaji. Huenda kutazama wanafunzi ambao Jumatatu hutazamiwa kuwa darasani.

Hasimu wa Michigan ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Juma la mechi yao likifika, watu wa Ohio hupiga alama ya X juu ya kila herufi M katika vibao vya chuoni mwao, kwa kuwa ndiyo herufi ya kwanza ya jina la adui. Laiti ingekuwa kwetu! Pasipo M hatuna mwalimu, hatuna mwanafunzi, hatuna mpira wenyewe. Na lililo baya zaidi, mwisho wa mwezi hatuna mshahara.

Katika jimbo la Alabama mambo yalizidi. Mwaka 2010 timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilishindwa na Auburn. Shabiki mmoja wa Alabama hakuweza kuvumilia: aliitilia sumu mialoni miwili ambayo watu wa Auburn hukusanyika kwayo kushangilia ushindi, kisha akapiga simu redioni kujisifu. Alikwenda jela, na mwaka 2013 miti ikakatwa. Maskini miti ile, haikuwa imecheza hata dakika moja!

Tucheke, lakini kwa kiasi. Mwenye Simba na Yanga nyumbani kwake hana ruhusa ya kumcheka sana jirani mwenye homa ya mpira. Jambo linalotuhusu sisi wafanyakazi ni jingine: katika kelele zote hizo, nani hula matunda ya jasho?

Mwaka 1955 kijana Ray Dennison, mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado, alifariki kwa kuumia kichwa mchezoni. Mjane wake aliomba fidia apewayo mtu aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyima, ikisema kwamba chuo hakikuwa na biashara ya mpira. Miaka hiyo hiyo chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilibuni jina la "mwanafunzi-mwanamichezo". Mkuu wake wa siku zile, Walter Byers, alikuja kueleza baadaye kwamba walihofu wachezaji wasije wakahesabiwa kuwa wafanyakazi.

Biashara haikuwapo, lakini fedha ilikuwapo. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwachisha kocha Jimbo Fisher, na mkataba ukamstahilia zaidi ya dola milioni 75. Kulipwa ili usifanye kazi! Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura, 13 kwa 2, kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chuo kikakataa kujadiliana nao, na mwisho wa mwaka wakaliondoa ombi lao. Ni mwaka 2025 tu ndipo vyuo viliporuhusiwa kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato, miaka 70 tangu Dennison aanguke.

Punda afe, mzigo ufike: huo ndio wimbo wa mwenye mzigo, na shabiki huuitikia bila kujua.

Basi ndugu mfanyakazi, ukienda uwanjani, shangilia mpaka sauti ikauke. Lakini njiani kurudi nyumbani jiulize: kijana huyu aliyenifurahisha leo, akivunjika mguu kesho, nani atamlisha? Mwenye kulijali swali hilo ndiye shabiki. Asiyelijali anapenda fulana tu.