Intaneti Inapojikokota: Tuanze Kutazama Ndani ya Nyumba Zetu



Kila Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, wajukuu wetu wawili huketi mbele ya kompyuta katika chumba cha nyuma, wakasomeshwa Kurani na ustadhi aliyeko Unguja. Kwa muda wa miezi miwili masomo hayo yaliharibika. Sura ya ustadhi iliganda, sauti ikakatika katikati ya aya, na mtoto alipochanganya sin na swad, ustadhi hakuweza kumsahihisha, kwani kwake herufi zote mbili zilifika kama mvumo mmoja.

Jioni hali ilikuwa mbaya zaidi. Shangazi yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80, hungojea simu yetu kila Ijumaa. Siku moja alituuliza kwa uchungu, "Mbona mwanikatia simu, wanangu? Mmeshanichoka?" Hatukuwa tumemkatia. Lakini utamweleza vipi mzee aliye mbali kwamba si moyo uliopungua, ila ni mtambo?

Tuliipigia simu kampuni inayotuletea intaneti. Karani aliyetupokea, kabla hajatuuliza swali hata moja, alitushauri tununue huduma ya kasi kubwa zaidi, kwa mkataba mpya wa miezi 24. Mwana wetu alikuwa tayari kukubali. "Baba, tuchukue tu hiyo kubwa, tupumzike." Tukamjibu, "Mwanangu, tabibu hatoi dawa kabla ya kupima." Basi tukapima, na tuliyoyaona ndiyo tunayowasimulia leo, kwa kuwa tunajua nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza zina ugonjwa huohuo.

Kupima kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba safari ya intaneti ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutoka kampuni hadi ruta, yaani kile kijisanduku chenye vitaa. Ya pili ni kutoka ruta hadi kompyuta au simu yako, na hii aghalabu hupita hewani kwa mawimbi ya waifai. Watu wengi huzichanganya sehemu hizi mbili, na hapo ndipo fedha zinapopotea.

Njia ya kuzitenganisha ni nyepesi. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai ya kompyuta hiyo, waambie watu wa nyumbani waache kutumia intaneti kwa dakika tano, kisha pima kasi. Zipo programu nyingi za kupimia bila ya malipo. Halafu ondoa waya, nenda katika chumba chenye matatizo, washa waifai na upime tena. Fanya hivyo asubuhi, alasiri na baina ya saa mbili na saa nne za usiku, kwa siku tatu, na uandike kila kipimo katika daftari.

Mkataba wetu ulikuwa wa megabiti 60 kwa sekunde. Kwa waya tulipata 58. Katika chumba cha nyuma, kwa waifai, tulipata 4. Maana yake ni kwamba kampuni ilikuwa ikileta karibu yote tuliyoyalipia, nasi tulikuwa tukiyapoteza baina ya ukumbi na chumba cha nyuma. Lau tungalitia saini mkataba ule mpya, tungalilipa zaidi kwa miezi 24, na ustadhi angaliendelea kuganda. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Tahadhari moja ya hesabu: kasi huuzwa kwa megabiti, bali ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo megabiti 60 ni megabaiti 7.5 tu kwa sekunde. Anayeona faili lake likija kwa "saba" asidhani ameibiwa.

Ruta iliyofichwa kabatini

Ruta yetu ilikuwa katika kabati chini ya ngazi, nyuma ya ubao wa kupigia pasi na masanduku mawili ya bati tuliyokuja nayo safari. Tuliiweka huko kwa sababu haipendezi kwa macho. Lakini mawimbi ya waifai ni kama mwanga wa taa: hupungua kwa umbali na kwa kila ukuta. Chuma huyarudisha, maji huyameza, na kuta nene za matofali na mabomba ya moshi ya nyumba za kale za nchi hii huyadhoofisha sana. Usiiweke ruta kabatini, sakafuni, nyuma ya televisheni wala kando ya tangi la maji ya moto au la samaki. Iweke juu ya rafu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Sisi tuliitoa tu kabatini tukaiweka juu ya meza ya ukumbini, na kile kipimo cha 4 kikawa 19 siku hiyohiyo.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini njia yake imesongamana: majirani wote wamo humo, pamoja na vifaa vya bluututhi, na hata jiko la maikrowevu hutoa mawimbi katika eneo hilohilo. Ikiwa simu hukatika kila chakula kinapopashwa moto, sababu ni hiyo. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa na nafasi zaidi, ila huchoka upesi yakikutana na kuta. Basi aliye karibu na ruta atumie ya 5, na aliye mbali atumie ya 2.4. Katika hayo ya 2.4, njia zisizoingiliana hapa kwetu ni ile ya 1, ya 6 na ya 11. Kijana yeyote wa nyumbani anaweza kufungua ukurasa wa ruta na kuchagua iliyo na watu wachache.

Lakini kwa chombo kisichohama, hakuna dawa ipitayo waya. Tulinunua waya wa mita 20 kwa paundi chache, tukaupitisha pembeni mwa sakafu hadi chumba cha nyuma. Kipimo kikawa 57.

Barabara ya kwenda na ya kurudi

Hata hivyo Ijumaa iliyofuata shangazi akalalamika tena. Sisi tulimwona vizuri. Yeye ndiye asiyetuona. Hapo tukajifunza jambo la pili. Intaneti ina barabara mbili, ya kuleta na ya kupeleka, na katika laini nyingi barabara ya kupeleka ni nyembamba mno. Yetu ilikuwa na megabiti 15 tu. Sura na sauti zetu zinazokwenda Unguja hupita katika barabara hiyo nyembamba.

Tukauliza nani anapeleka nini. Ikadhihirika kwamba mjukuu wetu mkubwa alikuwa amerekodi harusi ya binamu yake, na simu yake, bila ya yeye kuiamuru, ilikuwa ikipandisha video zote katika hifadhi ya mbali kila inapotiwa chaji, nayo hutiwa chaji jioni. Barabara ikajaa, na maneno yetu kwa shangazi yakapanga foleni nyuma ya ngoma za harusi. Tuliiagiza simu ifanye kazi hiyo usiku wa manane. Zitazameni pia kompyuta na vyombo vya michezo vya watoto: navyo hujisasisha wakati wowote, na faili za michezo ni kubwa mno.

Waya wa simu na kuzima-washa

Wale ambao intaneti yao bado inakuja kwa waya wa shaba wa simu wana jambo la ziada la kutazama. Ruta yafaa iunganishwe na soketi kuu, pale laini inapoingilia nyumbani, si kwa waya mrefu uliotandazwa hadi ghorofani. Vichujio vidogo vya simu vikichakaa huleta kelele katika laini. Badilisha kimoja kimoja. Umbali nao una hukumu yake: kila shaba inavyorefuka, kasi hupungua, na hilo halitibiki ndani ya nyumba. Dawa yake ni nyuzi za kioo, mtaa wako ukifikiwa.

Kuzima ruta na kuiwasha mara moja ni jambo jema. Lakini kuizima mara kumi kwa siku kwa hasira kuna madhara, hasa katika laini za shaba, kwani mitambo ya kampuni yaweza kudhani laini yako ni mbovu ikaipunguzia kasi ili itulie. Subira hapa ni sehemu ya tiba.

Kosa likiwa ng'ambo ya bahari

Yako masiku ambayo nyumba yako ni salama na simu haipiti. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki yalitegemea sana setilaiti. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi, ikafuata EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Ukiona simu ya Birmingham inakwenda vizuri na ya Mombasa inakatika, usiilaumu ruta. Zima picha, ubaki na sauti. Sauti huhitaji nafasi ndogo sana.

Haki zenu

Ikiwa kipimo cha waya chenyewe ni kidogo, hapo ndipo pa kuipigia kampuni, na daftari mkononi. Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humu, ina kanuni kuhusu kasi ya intaneti. Kampuni zilizoikubali hazina budi kukutajia kasi ya chini kabisa wanayokudhaminia kabla hujatia saini. Kasi ikishuka chini ya hapo, kampuni ina siku 30 za kurekebisha. Ikishindwa, unaruhusiwa kuondoka bila ya faini. Na mkataba ulionunuliwa kwa simu au kwa intaneti una siku 14 za kubadili nia, ingawa huenda ukatakiwa ulipie siku ulizokwisha kuitumia huduma. Zaidi ya hayo, kampuni nyingi zina bei nafuu kwa wanaopokea Universal Credit, lakini aghalabu hupewi mpaka uulize. Ulizeni. Kuuliza si kuomba.

Jumamosi iliyopita tulikaa nyuma ya wajukuu wetu, tukisikiliza. Ustadhi alimsimamisha mdogo mara tatu katika aya moja. "Hapana, mwanangu. Hiyo ni swad. Rudia." Katika miaka yote tuliyosomesha, hatujapata kuyafurahia makosa ya mwanafunzi kiasi hicho.

Na shangazi yetu, Ijumaa, alitutazama kwa muda bila ya kusema. Kisha akasema, "Kumbe umeota mvi namna hiyo!" Tukacheka sote, kule na huku, kwa wakati mmoja.

Tunawaomba vijana wanaosoma ukurasa huu wawapitie wazee wanaoishi peke yao mitaani mwetu, wakiwa na waya mmoja na daftari moja. Kazi haizidi nusu saa. Huenda kuna mtu ng'ambo ya bahari anayedhani kwamba amesahauliwa, kumbe ni ruta tu iliyofungiwa kabatini.