Nchi ya Rwanda na Njia Zake za Baiskeli

Rwanda ni nchi isiyopakana na bahari, iliyoko magharibi mwa Tanzania, ambayo kaskazini inapakana na Uganda, kusini na Burundi, na magharibi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikitenganishwa nayo kwa sehemu kubwa na Ziwa Kivu na Mto Rusizi. Eneo lake ni kilomita za mraba 26,338, yaani halipishani sana na eneo la Mkoa wa Tanga peke yake. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu milioni 13.2, wakati sensa ya Tanzania ya mwaka huohuo ilihesabu watu 2,615,597 katika Mkoa wa Tanga. Kiutawala nchi imegawanywa katika majimbo manne na Jiji la Kigali, na chini ya hayo zipo wilaya 30. Ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Fedha yake ni faranga. Huuza nje kahawa, chai na madini. Saa yake iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja, na magari hupita upande wa kulia, jambo ambalo mgeni anayeingilia Rusumo, mpakani mwa nchi hizo mbili, hulazimika kulizoea mara tu avukapo daraja.

Rwanda na Tanga ziliwahi kuwa chini ya serikali moja, kwa kuwa zote mbili zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916, ambapo Waingereza waliiteka Tanga na Wabelgiji wakaichukua Rwanda. Kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyoendelea kwa takriban siku 100, yameandikwa mengi na wanaostahili kuyaandika. Hapa inatosha kusema kwamba kumbukumbu zake zimetapakaa nchi nzima, na kwamba anayepita vilima vya Karongi ataikuta Bisesero, mahali ambapo watu waliokuwa wakiwindwa walipambana na wauaji kwa mawe na mikuki, na ni wajibu wake kushuka baiskeli, kuingia na kunyamaza.

Mambo mengine ya jumla msomaji atayapata katika kitabu chochote cha jiografia, wala si hayo yanayomkaa kichwani mtu aliyeizunguka nchi hiyo. Kinachomkaa ni baiskeli. Wenyeji huiita nchi yao nchi ya vilima elfu, na mtu wa pwani, aliyezoea baiskeli kuwa chombo cha ardhi tambarare, cha kutoka Chumbageni kwenda Ngamiani mjini Tanga na kurudi, hutazamia kwamba mahali pa miinuko namna ile baiskeli haitakuwa na kazi. Mambo ni kinyume kabisa. Baiskeli ndiyo inayobeba mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, madumu ya maziwa, vitanda na abiria, na vijana wanaoifanya kazi ya kupakia abiria, ambao kwa Kinyarwanda huitwa abanyonzi, huzifungia keria zao mto wa sponji ili aliyepakiwa asiumie. Penye mlima mkali mwenye mzigo hushuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na siti kwa mkono wa pili, akapanda kwa miguu hatua kwa hatua; akifika kileleni hupanda tena, akaiachia iteremke. Upande wa kaskazini, na zaidi ng'ambo ya mpaka mjini Goma, kipo pia chombo cha mbao tupu ambacho Wakongo hukiita chukudu: hakina pedeli wala mnyororo, magurudumu yake ya mti yamevishwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu, na juu ya ubao wake hupigiliwa kipande cha ndala au mpira ambapo mwendeshaji huweka goti lake anapoteremka na mzigo wa magunia.

Katika nchi yenye mazoea hayo ndipo ilipowekwa Njia ya Kongo na Nili, ambayo ndiyo sababu hasa ya maelezo haya kuandikwa. Jina hilo limetokana na mgongo wa milima unaoigawa Rwanda, kwa kuwa mvua inyeshayo upande wa mashariki wa mgongo huo huishia katika Mto Nili, na inyeshayo upande wa magharibi hushuka Ziwa Kivu, ikatoka kwa Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, na mwishowe ikaingia katika Mto Kongo. Njia yenyewe ina urefu wa kilomita 227, kuanzia Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, ikipitia wilaya za Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, na kwa kawaida mwendesha baiskeli huimaliza kwa siku tano, wakati mtembea kwa miguu huhitaji siku kumi. Uso wa ziwa uko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, juu kidogo kuliko mji wa Lushoto, na kwa hiyo hewa ni ya ubaridi na jua halichomi kama la pwani.

Takwimu, hata hivyo, haziielezi njia ile. Mtu huteremka katika kivuli cha mikaratusi hadi karibu kuligusa ziwa, akavuka kijito kwa daraja la magogo, kisha hapohapo huanza kupanda upya, akakuta kahawa imeanikwa juu ya meza ndefu za wavu na wanawake wakiichambua punje mbovu kwa vidole, na akifika juu akaona visiwa vimelala majini na Idjwi, kisiwa kikubwa cha upande wa Kongo, kikiwa nyuma yake. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hunata kwenye tairi, ukajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome kuzunguka, na hapo hakuna ufundi isipokuwa kuokota kijiti na kuukwangua. Jioni wavuvi hutoka kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma kama pembe, wakienda kuvua sambaza, ambao ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950; nao hupiga makasia kwa kuimba, na sauti zao humfikia aliye juu kilimani. Kwa wepesi wake na ukimya wake, baiskeli humruhusu mtu kuyasikia mambo haya, na hakuna chombo kingine kiendacho mbali hivyo kinachoyaruhusu.

La kuzingatiwa zaidi ni namna njia hiyo ilivyopatikana. Haikuchongwa milimani upya. Ilikuwa barabara za udongo na mapito ya kijiji kwa kijiji, ya watu kwenda sokoni, shuleni na kwenye zahanati, na kilichofanyika ni kuyaunganisha, kuyapa jina moja, kusimika vibao kwenye njiapanda, na kutenga vituo vya kulala. Barabara ya lami iliyojengwa baadaye kando ya ziwa imeipunguzia baadhi ya vipande vyake, na hiyo ni hasara. Karibu na mwisho, anayependa msitu anaweza kukata kushoto kuelekea Nyungwe, msitu wa asili ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, ambamo zimo chemchemi za Rukarara zinazohesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa vyanzo vya mbali vya Nili.

Mapenzi hayo ya baiskeli yameipatia nchi heshima kubwa. Adrien Niyonshuti alibeba bendera ya taifa katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa mwendesha baiskeli za milimani, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, ambapo mbio za wanaume za kilomita 267.5 zilichukuliwa na Tadej Pogačar wa Slovenia.

Hapo ndipo mtu wa Tanga anapopaswa kujiuliza. Mkoa wake una milima ya Usambara, una misitu ya Magamba na Amani, una Mto Pangani uliotoka Kilimanjaro na Meru hadi baharini, na juu ya hayo una pwani, ambayo Rwanda haina. Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona kupitia Soni hadi Lushoto, na mbele yake yapo mapito ya Magamba hadi Mtae, kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa milima, kinachoitazama nyika ya Mkomazi. Kutoka Muheza mtu hufika Sigi, kwenye nyumba ya zamani ya stesheni ya reli nyembamba iliyojengwa na Wajerumani, akapanda msituni hadi Amani. Kutoka Hale anaweza kulifuata bonde la Pangani katikati ya mashamba ya mkonge. Waongozaji wa Lushoto huwapeleka wageni kwa miguu, na wachache kwa baiskeli, lakini hufanya hivyo kwa juhudi zao wenyewe. Mji wa Tanga umejaa baiskeli na mafundi baiskeli kuliko miji mingi ya Tanzania, na bado mwenye baiskeli huhesabiwa kuwa mtu ambaye hajajaliwa pikipiki. Fikra hiyo ni ya kuachwa, kwa sababu inatudhulumu wenyewe.

Halmashauri za Lushoto, Korogwe, Muheza na Pangani zikae pamoja, ziwaite waongozaji, Wakala wa Huduma za Misitu na wazee wa vijiji, na zianze na kipande kimoja tu cha njia ya baiskeli, cha Muheza hadi Amani, kwa vibao kwenye njiapanda na kituo kimoja cha kulala kitakachosimamiwa na wanakijiji.