Kalkulasi: Mtoto Akikwama, Mrudishe Ngazi Moja

Je, mwanao wa Kidato cha Nne amekuomba pesa za kitabu kingine cha hisabati kwa sababu kalkulasi imemshinda? Kabla hujafungua kibeti, mzazi mwenzangu, muulize swali moja: "Ulipotelea hatua gani?"

Wengi hulia na kalkulasi ilhali kilichowaponyoka ni mambo ya madarasa ya chini. Mteremko wa mstari na kanuni za vipeo hufunzwa Kidato cha Pili. Asiyeyaelewa hayo, hata ukimrundikia vitabu kumi, atazidi kuchanganyikiwa. Kitabu chake cha Kidato cha Pili kikiwa bado kipo nyumbani, hicho ndicho cha ziada cha kwanza, na hakigharimu hata senti.

Hebu tazama mfano huu. Kijana ana mchoro wa y = x² na anatakiwa kutafuta mteremko pale x ni 3. Achukue 3 na 3.1. Thamani ya y yapanda kutoka 9 hadi 9.61, yaani 0.61. Akigawanya kwa 0.1 atapata 6.1. Akisogea hadi 3.01 atapata 6.01, na kwa 3.001 atapata 6.001. Jibu linakaribia 6. Hiyo ndiyo difarensiesheni! Ni mteremko ule ule wa Kidato cha Pili, ila nukta zimekaribiana mno. Kanuni ya mkato, 2x, nayo humpa 6, na sasa anajua ilikotoka.

Akifika hapo, achague kitabu kimoja kinachoonyesha kazi mstari kwa mstari. Calculus Made Easy cha Mwingereza Silvanus Thompson kilichapishwa 1910 kwa ajili ya wanaoanza, na nakala yake hupatikana bure katika tovuti ya Project Gutenberg. Khan Academy nayo ina video za bure ambazo mwanafunzi anaweza kuzisimamisha na kuzirudia. Aliye bweni bila simu atumie kitabu wakati wa muhula, na video azingoje likizo. Asiye na intaneti aulizie maktaba ya umma iliyo karibu, kisha ajipime kwa karatasi za KCSE za miaka iliyopita.

Lakini kusoma suluhisho la mwingine si kujua. Afunike jibu, afanye mwenyewe, na akikwama afunue mstari mmoja tu. Mstari uliomkwamisha autie alama na kumpelekea mwalimu. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini hujibu upesi anayeonyesha mahali panapomuuma kuliko anayesema, "Sielewi chochote."

Nawe mzazi, huhitaji kujua kalkulasi. Keti naye jioni, mwambie akueleze hesabu moja kwa maneno yake. Akisitasita, hapo ndipo pa kurudia kesho. Bandu bandu huisha gogo.