Brno au Baikal? Kwanza Angalia Bondeni

Mzee mmoja wa Kinole kaniuliza: "Bwana shamba, nguruwe pori wamemaliza mihogo. Ninunue bunduki ya Brno au Baikal, ipi imara?" Alishatenga mbuzi wa kuuza.

Ndugu mkulima, zote hudumu zikitunzwa. Cha kulinganisha ni risasi. Ya raifo, hata ndogo ya .22, huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na huku Uluguru chini ya shamba lako kuna nyumba ya mwenzio. Marisau hayafiki mbali hivyo. Gobore la kienyeji usiguse, linaweza kukupasukia usoni.

Tena silaha bila leseni ni jela, Sheria ya 2015 ipo. Tumeanza kwa mwenyekiti wa kijiji, taarifa iende TAWA, na usiku tunalinda kwa zamu. Mbuzi bado anao.