Kabla ya Kumpa Fundi wa Weldingi Arubuni

Ukipita Kisauni, Likoni au Changamwe siku yoyote ya kazi, hutembei dakika nyingi kabla ya kusikia grinda ikilia kando ya barabara. Mafundi wa jua kali ndio wanaotutengenezea malango, milango ya chuma, grili za madirisha, ngazi na vibanda vya biashara. Wengi wao ni hodari. Hata hivyo, kazi ya chuma ni ghali na makosa yake hujificha chini ya rangi, kwa hivyo mkaazi anayejua cha kuuliza huokoa pesa, na wakati mwingine huokoa maisha.

Usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa kuuliza fundi ametengeneza wapi kazi kama unayoitaka, kisha uende ukaione. Ukitazama lango lililokaa miaka miwili au mitatu utajifunza mengi kuliko kwa picha za kwenye simu. Je, linafunga bila kuinuliwa? Bawaba zimelegea? Kutu imeanzia wapi? Fundi aliyefanya mtihani wa daraja la ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) atakuwa na cheti, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Wapo mafundi wazuri waliofunzwa karakanani bila karatasi yoyote, lakini hao nao wana kazi za kuonyesha. Hakikisha pia ana mahali panapojulikana pa kufanyia kazi na leseni ya biashara ya kaunti. Fundi mwenye nambari ya simu tu ni vigumu kumpata akishaizima.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo wateja wengi hupunjwa. Paipu za mraba huuzwa kwa urefu wa mita 6 na unene wake hutajwa kwa geji. Geji huenda kinyume na watu wanavyodhani: nambari ikipanda, chuma huwa chembamba. Geji 18 ina unene wa takriban milimita 1.2, na geji 16 takriban milimita 1.5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hasa zikishapakwa rangi, lakini tofauti ya bei na ya nguvu ni kubwa. Mafundi wawili wakikupa bei zilizoachana sana kwa lango lile lile, waulize kila mmoja anatumia geji gani kabla ya kumwita mwenye bei ya juu mwizi. Njia salama ni kumwomba fundi akuandikie orodha ya vifaa, kisha mwende pamoja dukani, ulipe wewe na risiti ibaki kwako. Kubalianeni pia mapema vipande vitakavyobaki ni vya nani.

Vipimo vya madirisha na milango vichukuliwe baada ya plasta kukauka. Plasta hupunguza nafasi, na grili iliyopimwa kabla yake huishia kukatwa na kuungwa upya kwa gharama ya mwenye nyumba.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari: vipimo, geji, mchoro, rangi, tarehe ya kumaliza, nani anagharimia usafiri na ufungaji, na malipo ni kwa hatua gani. Nyote wawili mtie sahihi. Ikiwa vifaa umenunua wewe, fundi hahitaji arubuni kubwa. Gawanya pesa za ufundi, nyingine kazi inapoanza, nyingine ikifika nusu, na zilizobaki baada ya kufungwa na kukaguliwa. Ukilipa kwa M-Pesa, weka ujumbe wa malipo. Nawe utimize upande wako. Mteja anayebadilisha mchoro katikati ya kazi kisha akakataa kuongeza pesa, au anayemzungusha fundi wiki nzima kwa salio lake, anavunja makubaliano vile vile.

Usikubali kazi ipakwe rangi kabla hujaiona. Maungio yaliyogongwa kwa nukta nukta tu, au yenye matundu na nyufa, yanaweza kufunikwa kwa fila, yakasuguliwa na kung'aa. Mwambie fundi aondoe lile ganda jeusi juu ya weldi, utazame kama chuma kimeshikana mfululizo. Sehemu za kutilia mkazo ni zinazobeba uzito: bawaba, pembe za fremu na vyuma vinavyoingia ukutani.

Hewa ya pwani yetu ina chumvi, na chumvi haina subira na chuma. Kutu na mafuta viondolewe kwanza, ndipo ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu mikono miwili. Miisho ya paipu izibwe kwa chuma, la sivyo maji huingia na paipu kuoza kutoka ndani. Fundi akichomelea tena wakati wa kufunga, mahali hapo rangi imeungua na panahitaji kupakwa upya siku hiyo hiyo.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. La kwanza ni grili za madirisha. Grili inayomzuia mwizi kuingia humzuia pia mwenye nyumba kutoka moto unapozuka. Angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na grili yenye bawaba inayofunguka, upana wa kupitisha mtu mzima, na ufunguo wake ukae ndani mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, watoto wakiwemo, lakini mkono wa aliye nje haupafikii. La pili ni malango ya kusukuma kando. Lango la aina hii ni zito, na lisipokuwa na vizuizi imara pande zote mbili za reli pamoja na vishikio vya juu, linaweza kutoka relini na kumwangukia mtu. Lijaribu mwenyewe kabla ya kulipa salio, watoto wakiwa mbali.

Kazi ikifanyiwa nyumbani, mtungi wa gesi na magodoro yaondolewe karibu na cheche, na watoto wasiangalie mwanga wa weldi, kwani huunguza macho. Usimruhusu yeyote kuunganisha mashine moja kwa moja kwenye nyaya kabla ya mita. Ni kosa la jinai, na watu hufa kwa mtindo huo.

Fundi akitoweka na pesa au akikataa kurekebisha kazi mbovu, mpe kwanza notisi ya maandishi yenye tarehe. Akinyamaza, unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Beba makubaliano, risiti, ujumbe wa M-Pesa na picha za kazi.